Siku Betri Inapokufa: Mazungumzo Kuhusu Miradi ya Umeme wa Jua na Vipato Katika Delta

*Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa mstaafu wa maendeleo ya jamii mbele ya wajumbe wa kamati za miradi kutoka kata za delta, viongozi wa vijiji na wananchi. Tunayachapisha ili wakazi wa kata zote wayasome na kuyajadili katika mikutano ya vijiji vyao.*

 

Natambua kwamba wengi wenu mmetoka mbali. Mtu wa Kiongoroni au Maparoni hawezi kuamua saa ya safari yake kwa kutazama ukutani; huitazama bahari. Wapo walioondoka usiku ili wasikwame kwenye matope maji yakipwa, wakashuka Nyamisati kabla ya jua kuchomoza. Kwa sababu hiyo ninawajibika kusema jambo lenye uzito wa safari hiyo.

Nimeombwa nizungumzie miradi ya umeme wa jua na ile ya kuinua vipato. Kwa desturi mzungumzaji huanza na idadi ya taa zilizofungwa na vikundi vilivyoundwa. Mimi naomba kuanza na taa iliyozimika.

Katika kijiji kimoja cha delta, ambacho sitakitaja kwa kuwa kosa halikuwa la kijiji peke yake, zahanati ilifungiwa mtambo wa sola. Siku ya makabidhiano palikuwa na ngoma, pilau na hotuba. Mimi nilikuwepo, na ndiye niliyeandika taarifa. Niliandika kwamba mradi umekamilika kwa asilimia 100. Usiku ule mama alijifungua chini ya taa nyeupe, na mkunga aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza hakulazimika kushika tochi kwa meno.

Baada ya miezi 14 taa zile zilizimika. Paneli zilikuwa nzima na jua lilikuwa lile lile. Kilichokufa ni betri. Tulipochunguza tukakuta kwamba waya umeongezwa hadi nyumba ya jirani kwa ajili ya televisheni, na simu za nusu ya kijiji zilikuwa zikichajiwa pale kila siku. Kila usiku betri ilikamuliwa hadi tone la mwisho. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Hakuna mtu aliyekuwa ameelezwa mtambo unaweza kubeba nini na hauwezi kubeba nini, wala hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema hapana.

Lililoniuma zaidi ni jingine. Wananchi walikuwa wakichanga kila mwezi, tena akina mama kwa uaminifu mkubwa. Tulipouliza fedha ziko wapi, hapakuwa na daftari. Zilikuwa zimepita mikononi mwa watu watatu, na kila mmoja alimtaja mwenzake. Mkunga akarudi kwenye tochi yake, na kule makao makuu taarifa yangu ya asilimia 100 ilikuwa bado imo kwenye faili, imepigwa muhuri.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: mradi hukamilika lini? Nimeona kwamba mradi wa umeme wa jua haupimwi siku ya kukabidhiwa, bali siku betri inapokufa. Kama siku hiyo kuna fedha ya kununua nyingine, fundi wa kuifunga na watu wanaojua kwa nini ile ya kwanza ilikufa, basi mradi upo. Kama havipo, tulipewa taa ya kuazima.

Hesabu ambayo hatukuifanya

Paneli nzuri ya sola inaweza kufanya kazi kwa miaka 25 hivi. Betri ya asidi, ile tunayoifahamu wengi, ikitunzwa vizuri huishi miaka 3 hadi 5, na ikitumiwa vibaya hufa ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba katika uhai wa paneli moja mtanunua betri mara tano au zaidi. Mfadhili hutupa ile ya kwanza tu. Zote zinazofuata ni zetu, na siku ya sherehe hakuna anayezitaja.

Tuchukue mfano. Tuseme seti ya betri za mtambo wa kitongoji inagharimu shilingi 2,400,000 na inadumu miaka minne, yaani miezi 48. Kila mwezi yapasa kuweka akiba ya shilingi 50,000. Kama watumiaji ni kaya 25, kila kaya inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ongezeni shilingi 1,000 kwa ajili ya fundi, fyuzi na nyaya zinazoliwa na chumvi ya bahari. Jumla ni shilingi 3,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 100 kwa siku. Bei halisi zitatofautiana na mfano wangu, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Najua kuna watakaosema kwamba msaada ni msaada, mbona tutozwe? Nawaheshimu, lakini nauliza: kaya iliyokuwa ikitumia koroboi, ilipewa mafuta ya taa bure? Anayetumia tochi, betri zake ananunuliwa na nani? Giza nalo lina bei yake, nasi tumekuwa tukiilipa siku zote.

Mto ulitufundisha kujifunza

Yapo maneno yanayopendwa sana katika maandiko ya wafadhili: kujifunza na kubadilika. Huelezwa kana kwamba ni elimu mpya iliyoletwa na ndege. Mimi nasema hakuna watu katika nchi hii waliojifunza na kubadilika kuliko watu wa mto huu.

Wazee wetu walilima mpunga wakati wa masika wakiutegemea mto ufurike. Maji yalipopungua hawakukaa kulia. Walipanda mahindi na kunde katika udongo uleule uliobaki na unyevu, wakakiita kilimo cha mlau. Mafuriko yakiharibu zao la kwanza, mlau uliwaokoa. Walijenga madungu juu ya nguzo ndefu mashambani, wakalala humo kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na ndege, na maji yakipanda yalipita chini yao. Kila mwaka mto ulikuja tofauti, nao kila mwaka walipanga upya. Hawakuwa na mtaalamu wa tathmini. Walikuwa na macho, kumbukumbu na njaa.

Wazee mnakumbuka pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji hadi kwenye miinuko, kabla hata ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuenea nchi nzima. Nia ilikuwa kuwaepusha watu na maji na kuwasogezea shule na zahanati. Lakini ardhi yenye rutuba ilibaki bondeni, na wengi waliendelea kurudi huko kulima. Sisemi hivi ili kulaumu. Nasema kwa sababu tunapata funzo: mpango unaweza kuwa na nia njema na bado ukapishana na maisha, ikiwa anayepanga hakumuuliza anayelima.

Baadaye, kati ya mwaka 1998 na 2003, palikuwa na mradi wa usimamizi wa mazingira Rufiji ulioendeshwa na Halmashauri pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN kwa fedha za Uholanzi. Vijiji vya Jaja na Twasalie katika delta vilikuwa miongoni mwa vijiji vya majaribio, na wananchi walikaa kutengeneza mipango ya mazingira ya vijiji vyao wenyewe. Mradi uliisha mwaka 2003. Vijiji havikuisha. Kila mradi una mwisho wake kwenye karatasi, nasi hubaki hapa. Kwa hiyo ujuzi unaopatikana hauna budi kubaki nasi, usiondoke na gari.

Wenzetu walikosea, wakasahihisha

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nitatoa mifano mitatu ya wahunzi ambao koleo lao lilivunjika.

Mfano wa kwanza ni majokofu ya chanjo. Chanjo nyingi zinatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kwa miaka mingi zahanati zisizo na umeme duniani zilipewa majokofu ya sola yanayotegemea betri. Mengi yalikwama kwa ugonjwa ule ule wa zahanati yetu: betri zilikufa, hapakuwa na fedha wala fundi, na paneli zikabaki zikiota jua bure. Wataalamu hawakusema wauguzi ni wazembe. Walibadilisha jokofu. Yakatengenezwa majokofu yanayochukua nguvu moja kwa moja kutoka kwenye paneli na kutunza ubaridi kwa barafu iliyomo ndani badala ya betri. Kilichokuwa kikivunjika mara kwa mara kikaondolewa. Hapo kuna somo kubwa: kitu kikiharibika mahali pengi kwa namna moja, usimlaumu mtumiaji tu, tazama na umbo la kitu chenyewe.

Mfano wa pili ni wa akina mama. Chuo cha Barefoot kilichopo Tilonia, Rajasthan, nchini India, huwafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa sola, wengi wao wakiwa mabibi wenye wajukuu na wasiojua kusoma wala kuandika. Hufundishwa kwa miezi sita, kwa rangi, ishara na mazoezi ya mikono. Wanawake kutoka Lindi na Mtwara, jirani zetu wa kusini, walikwenda huko wakarudi mafundi, na baadaye kituo cha namna hiyo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja. Kwa nini mabibi? Kwa sababu kijana ukimpa cheti cha ufundi, kesho yupo Dar es Salaam akitafuta kazi. Bibi ana shamba, ana wajukuu, ana makaburi ya wazee wake, habanduki. Hata hivyo jambo ambalo husahaulika katika habari hizo ni kwamba chuo kile hutaka kijiji kiunde kamati, na kila kaya ichangie kila mwezi kiasi kinachokaribia kile ilichokuwa ikitumia kwa mafuta ya taa. Fedha hiyo humlipa fundi na kununua vipuri. Bibi fundi asiye na mfuko ni sawa na nahodha asiye na chombo.

Mfano wa tatu unatoka Ziwa Victoria. Katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kampuni ya Jumeme ilianza kuuza umeme wa jua mwaka 2016. Taa na simu hutumia umeme kidogo, na umeme ukitumika kidogo mtambo haujilipi. Kampuni ikatafuta kazi ya kuupa umeme wake: ikaanza kununua sato kwa wavuvi, kuwagandisha kwa umeme ule ule na kuwapeleka soko la Dar es Salaam. Nasi wa delta tuna kamba, kaa na samaki, na tunajua namna mnunuzi anavyoshusha bei jua likipanda na barafu ikiisha. Taa ni heri, lakini barafu ni mtaji. Kijiji kinachopanga umeme bila kuuliza umeme utafanya kazi gani kinajipangia deni.

Miradi ya vipato nayo ina betri zake

Haya ninayoyasema kuhusu sola yanahusu pia miradi ya kuinua vipato. Tumepewa miradi hii kwa sababu inayoeleweka: tunaishi katika msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa Afrika Mashariki, na mtu mwenye njia nyingine ya kupata riziki ataliacha shoka lipumzike.

Chukueni mfano wa kunenepesha kaa. Kwenye karatasi kazi ni nyepesi: unakamata kaa mwembamba, unamlisha wiki chache, unamuuza kwa bei nzuri. Lakini kaa hujivua gamba, na akiwa laini wenzake humla. Ukiweka kaa kumi katika uzio mmoja, unaweza kuvuna watano walioshiba wenzao. Wavuvi wengi wa pwani walijifunza hilo kwa hasara, wakaanza kutengeneza vizimba vyenye vyumba, kila kaa na chumba chake. Likaja swali jingine: vizimba vinajengwa kwa fito za nini? Kama ni fito za mikoko, basi mradi wa kuokoa mikoko unakula mikoko. Na chakula cha kaa ni samaki wadogo. Je, ni wale wale ambao maskini wa kijiji angewala kwa ugali? Maswali haya hayapo kwenye andiko la mradi. Huonekana kwenye tope, na anayeyaona kwanza ni yule aliyesimama ndani ya tope.

Au chukueni mwani. Zanzibar wameulima tangu 1989, na wanawake wengi walipata kipato chao. Kisha maji ya ufukweni yakaongezeka joto, na ule mwani wenye bei nzuri zaidi, uitwao kotonii, ukaanza kufa. Wapo waliohamia mwani wa spinosamu, unaostahimili zaidi ingawa bei yake ni ndogo. Wapo waliojaribu kilimo cha maji ya kina kirefu. Wapo waliotengeneza sabuni kutokana na mwani wao. Hawakupata jibu moja, walipata kadhaa. Lakini mtu akija kutuambia tupande mwani katika midomo ya Rufiji kwa sababu Zanzibar walifanikiwa, tumwambie kwa adabu kwamba mwani hutaka maji ya chumvi yaliyo safi, na sisi mto wetu huleta maji matamu na udongo. Kujifunza kwa jirani si kunakili.

Kijiji kilichofuata bamvua

Sasa niwape habari ya kutia moyo, nayo ni ya hapa hapa delta. Kijiji kingine kilipewa taa za sola za kaya na mtambo mdogo wa kuchaji. Mradi ulikuja na kanuni kwamba kila kaya ilipe mwisho wa mwezi. Miezi mitatu ya mwanzo, nusu ya kaya zilishindwa. Kamati ilitaka kuwanyang'anya taa. Kijiji kikaanza kugawanyika kati ya waliolipa na wasiolipa, na watu waliokuwa wakisalimiana wakaanza kupishana njiani kimya.

Katika mkutano, mama mmoja muuza maandazi akasimama. Alisema hivi, kama ninavyokumbuka: "Mwisho wa mwezi ni wa mwalimu na mganga. Mvuvi hana mwisho wa mwezi. Mimi maandazi yangu najua yatauzwa lini: wakati wa bamvua." Watu walicheka, kisha wakanyamaza wakitafakari. Ni kweli kwamba fedha ya wavuvi wa kijiji kile iliingia kwa mafungu, bamvua likija. Wakati wa maji mafu hata deni la dukani hukua.

Wakabadilisha kanuni. Badala ya kulipa mara moja mwisho wa mwezi, walipe nusu kwa kila bamvua. Wakulima wa mpunga wakaruhusiwa kulipa kwa mkupuo baada ya mavuno. Mjane asiye na chombo wala shamba akapewa kazi ya kufuta vumbi na chumvi kwenye paneli, ikahesabiwa kuwa mchango wake. Kiasi hakikupungua hata shilingi moja. Kilichobadilika ni siku. Waliokuwa wakiitwa wakaidi wakawa walipaji.

Naomba tulitazame jambo hili kwa makini. Fedha ilikuwepo na nia ilikuwepo. Kanuni ndiyo iliyokuwa ya mahali pengine. Aliyeliona hilo hakuwa mtaalamu wala mimi niliyelipwa kuona. Na lau mkutano usingempa nafasi ya kusema, au lau mratibu wa mradi angejibu kwamba mwongozo hauruhusu, kijiji kile leo kingehesabiwa miongoni mwa vilivyoshindwa.

Mafuriko na mitambo yetu

Siwezi kumaliza bila kutaja mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoikumba wilaya yetu na ndugu zetu wa Rufiji. Wengi mlipoteza mashamba, na wengine nyumba. Mto huu sasa una bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, na wapo wanaouliza kwa uchungu ilikuwaje maji yanayowasha nchi yapite mlangoni petu nasi tupo gizani. Swali hilo ni halali, na waheshimiwa madiwani mlibebe. Lakini kupitisha nguzo juu ya mikono ya mto na tope la mikoko ni kazi ya gharama na ya muda, na mama mjamzito hangoji nguzo. Kwa visiwa vyetu, sola ndiyo taa ya leo.

Basi tujifunze kutokana na dungu. Betri na kidhibiti chaji visiwekwe sakafuni. Viwekwe juu, mahali ambapo maji ya mwaka mbaya kuliko yote mnaoukumbuka hayakufika. Waulizeni wazee alama za maji kabla fundi hajatoboa ukuta. Fundi anatoka mbali. Hajui mto ulifika wapi, nasi tunajua.

Mambo manne ninayoomba

Kwanza, kila mradi uwe na daftari moja linalokaa mahali pa wazi. Yaandikwe: nani amelipa, nini kimeharibika, kimetengenezwa na nani kwa bei gani, na kanuni gani imebadilishwa na kwa nini. Msimamizi apewe multimita na afundishwe kupima. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imetulia bila kutumika, husoma takribani volti 12.7. Ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu, na ni wakati wa kuzima vitu visivyo vya lazima. Namba hiyo moja, ikiandikwa kila asubuhi, itawaonya miezi mingi kabla ya giza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, mapato na matumizi ya mfuko wa sola yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Yasisomwe kwa kamati peke yake. Fedha ikae benki au katika akaunti ya simu ya kikundi yenye wasimamizi zaidi ya mmoja, angalau mmoja wao mwanamke. Na vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri vionyeshe daftari hilo kama ushahidi wa uaminifu wao.

Tatu, betri iliyokufa isitupwe mtoni wala isivunjwe na watoto ili kupata risasi ya kutengenezea uzito wa nyavu. Risasi ni sumu, na huharibu akili ya mtoto taratibu bila dalili za haraka. Zikusanywe sehemu moja na kuuzwa kwa wanunuzi wenye kibali. Fedha yake irudi kwenye mfuko.

Nne, na hili najua litawaudhi baadhi yenu: kijiji ambacho hakijakubaliana nani atasimamia, nani atalipa na lini, kiseme kwa mfadhili, "Ngoja kwanza." Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mradi nao ni mgeni, tuupe jembe mapema. Kuahirisha mradi kwa miezi miwili ili watu wakae na kukubaliana si utovu wa shukrani. Ni heshima kwa anayetoa, na ni heshima kwa mama atakayekuwa kitandani siku betri itakapokufa.

Kwa upande wetu sisi maofisa, tuliopo kazini na tuliostaafu, nina ombi pia. Tusiogope kuandika kwamba jambo limeshindikana. Taarifa yangu ya asilimia 100 haikumsaidia mtu. Lau ningeandika kwamba mtambo umefungwa lakini hapana msimamizi wala daftari, huenda mtu mmoja angeisoma na kuuliza swali kwa wakati. Nimechelewa miaka mingi kulisema hili, lakini nimelisema.

Zahanati ile, kama mnataka kujua, iliwaka tena. Wananchi walianza upya na daftari jipya, televisheni ikakatwa, na chaji ya simu ikawa ya kulipia, mchana tu jua likiwa kali. Mkunga wa zamani amestaafu kama mimi. Nilipopita mara ya mwisho, kijana muuguzi alinifungulia daftari kabla sijamwuliza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya siku ile, na namba 12.6.

Ndugu zangu, maji yanaanza kujaa na vyombo vinawasubiri. Nawatakia safari njema.